Uzi Juu ya Zipu

Mgeni wa chumba namba sita alikuja Jumatatu mchana, peke yake, na begi la mgongoni alilolivaa kifuani. Mimi nilikuwa nafuta ngazi. Nikajibana ukutani ili apite, na yeye akajibana ukuta wa pili, tukabaki tunatazamana kama mbuzi wawili darajani. Mwishowe akapita kiubavu, mikono yote miwili juu ya begi, na alipofika juu akageuka kuona kama bado namwangalia. Nilikuwa namwangalia.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amenizidi kidogo tu. Pale mapokezi alikuwa amemwambia mama mdogo kwamba amekuja kutembea, auone mji na bahari, kisha Alhamisi arudi kwao ng'ambo ya mpaka. Mama mdogo ndiye mwenye nyumba hii ya wageni. Ni mdogo wake mama yangu, baba mmoja mama mbalimbali, na ndiye aliyenichukua nilipoishia darasa la tano. Nyumba ina vyumba vinane, chini vinne na juu vinne, na bafu moja kila korido. Mimi ndiye ninayetandika, ninayefagia, ninayepiga deki na kushona kinachochanika.

Mlinzi wa getini tunamwita Redio, kwa kuwa hajawahi kuzimwa. Yeye huwapa wageni wote majina. Huyu alimwita Mpelelezi hata kabla hajapewa ufunguo. Alinieleza kwamba mgeni alimuuliza maswali matatu: kama madirisha ya juu yanafungukia nje, nani mwingine ana ufunguo wa chumba chake, na kama huyu msichana wa ngazi ni mtu wa siku nyingi hapa au kaja juzi.

"Jihadhari naye, bibiye," Redio akaniambia. "Mwaka juzi alikuja mmoja anauliza hivyo hivyo. Aliondoka na mashuka mawili na bomba la sinki."

Nilicheka, ila maneno yake yalinikaa. Mtu aliyekuja kuona bahari huulizia bahari.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kukaa roho juu. Miezi miwili nyuma, mgeni mmoja, muuza vipuri, alipoteza mashine yake ya kunyolea. Nilihangaika nayo asubuhi nzima mpaka nikaipata nyuma ya kabati, nikampelekea mbio nikidhani atafurahi. Akamgeukia mama mdogo akasema anayekiona ndiye aliyekificha. Akaandika hivyo hivyo mtandaoni, dunia yote isome, na wiki tatu zilizofuata vyumba vya juu vililala vitupu. Mama mdogo hakunitukana. Aliniita jikoni, akafunga mlango, akasema yeye ananijua lakini wageni hawanijui, na nyumba hii inaishi kwa wageni.

"Yakitokea ya pili, mwanangu, sitauliza nani mkweli. Utarudi kwenu."

Kwetu amebaki baba wa kambo, na mlango ambao mwenye kuufunga ni yeye. Mama mdogo analijua hilo, ndiyo maana aliniambia huku anaangalia sufuria.

Jumanne asubuhi mgeni alitoka kwenda makumbusho na soko la samaki, nami nikaingia namba sita. Kabla sijagusa kitu huwa nasimama kwanza mlangoni. Ndivyo nilivyofundishwa: tazama, piga picha kwa macho, fanya kazi, kisha kila kitu kirudi kilipokuwa. Kitana kikiwa kimeelekea dirishani, kirudi kikielekea dirishani. Mgeni akirejea aone chumba kimeng'aa na vitu vyake havijui kama kuna mtu aliingia. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya mama mdogo. Ya pili ni kwamba ukikiona kilichofichwa, hujakiona.

Begi lilikuwa juu ya kiti. Zipu imefungwa, na kwenye zipu palikuwa na uzi mweusi, mfupi kama ukucha. Niliposogeza kiti nipige deki, begi likayumba, uzi ukachomoka ukaanguka. Nikapiga magoti, nikautafuta juu ya sakafu yenye maji mpaka nikaunasa kwa ncha ya kidole, nikaukausha kwenye aproni yangu, nikaurudisha palepale juu ya zipu. Nilitoka nimejisifu moyoni. Nani mwingine angekumbuka uzi?

Saa sita kamili, mgeni akarudi. Hilo halijawahi kutokea. Wanaokuja kutembea hutoka asubuhi wakarudi jua likizama, wamebabuka pua, viatu vimejaa mchanga ambao mimi ndiye nitakayeuzoa. Huyu alipanda ngazi mbili mbili, akajifungia kama dakika kumi, kisha akatoka tena. Aliponipita koridoni aliniangalia kutoka utosini hadi miguuni, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo. Nikaangalia viatu vyake. Havikuwa na chembe ya mchanga.

Jumatano akanikuta mlangoni kwake nimeshika ndoo. Akaniuliza kama ni lazima nisafishe kila siku. Nikasema ndiyo kazi yangu. Akasema chumba chenyewe si kichafu. Nikiangaliwa usoni sauti yangu hukauka, kwa hiyo nilibaki nauangalia ufagio, naye akaondoka. Lakini kichwani nilishamaliza kesi: asiyetaka chumba chake kisafishwe, kuna kitu chumbani.

Na kweli kilikuwepo. Mbele ya kabati, chini, palikuwa pametandazwa kitu cheupe, laini, chembamba kama umande. Nimesikia mambo mengi juu ya watu wanaosafiri peke yao na mabegi wasiyoyavua. Nikainama, nikagusa, nikanusa. Poda ya watoto. Nikasimama pale na tambara mkononi nisijue la kufanya. Kanuni inasema kila kitu kirudi kilipokuwa, lakini poda sakafuni ni uchafu, na uchafu hauna pa kurudi. Nikaufuta. Kabla ya kutoka nikalitikisa bomba la sinki nione kama limelegea. Lilikuwa imara.

Mama mdogo nilimweleza jioni, wakati tunakunja mashuka, yeye ncha zile na mimi ncha hizi. Nilimwambia kuhusu poda, kuhusu kurudi saa sita, kuhusu viatu. Akasema watu wako wa kila namna, kesho mchana anaondoka, mimi nimchunge kwa mbali na nifunge mdomo. Redio alipopewa habari hizo alisema poda ni dalili mbaya sana, ila hakusema ni dalili ya nini.

Alhamisi mgeni alishuka kunywa chai saa mbili. Basi lake lilikuwa la saa nane mchana. Niliingia namba sita mara moja tu, kuchukua taulo lililolowa, na kwa kuwa chumba kilikuwa giza nikavuta pazia. Pazia likagonga ukuta.

Mapazia ya nyumba hii nimeyashona mimi, kwa mkono, pindo zote. Najua yanavyoanguka. Hayagongi ukuta. Nikashika pindo la kushoto kwa nje, pale ambapo nyuzi zilikuwa zimeachia na nilikuwa sijapata nafasi ya kurudia. Ndani palikuwa na kitu kigumu, bapa, ukubwa wa kiganja. Kijitabu. Nikaliachia pazia kama nimeshika moto. Kilichofichwa, hujakiona. Nikabeba taulo nikashuka.

Haikupita saa moja. Nilikuwa nyuma naanika, nikasikia mama mdogo ananiita kwa jina langu kamili, na jina langu kamili hulitumia kwa mambo ya msiba. Nilipofika mapokezi, mgeni alikuwa amesimama mbele ya meza, begi wazi miguuni, nguo zimemwagika. Midomo yake ilikuwa imepauka. Pasipoti haionekani. Alikuwa ameitafuta begini, kwenye mifuko ya nguo zote, juu ya kabati. Bila pasipoti havuki mpaka, bila kuvuka mpaka hafiki kwao, na mama yake anamngoja kesho asubuhi.

Mama mdogo alinyoosha mkono. Nikafungua aproni, nikampa shada la funguo za vyumba.

Akaniuliza kama nimeingia namba sita leo. Nikasema ndiyo, kuchukua taulo. Akaniuliza kama niligusa kitu. Nikaangalia sakafu, kwa maana pazia ni kitu. Kuangalia chini kule kulinimaliza. Alitangulia kwenda chumbani kwangu, nyuma ya jiko, akalivuta sanduku langu chini ya kitanda na kulipindua juu ya shuka. Mgeni alisimama mlangoni akiangalia pembeni. Ndani ya sanduku mlikuwa na nguo zangu nne, picha ya mama, na vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye mapazia. Mama mdogo alikikung'uta kila kitambaa. Kila kimoja alikikunja tena kabla ya kuchukua kingine, na nilijua hana hasira.

Hapo ndipo mgeni akasema. Alisema kwa sauti ya chini, tena kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Mama, samahani. Tangu siku ya kwanza huyu dada anapekua begi langu. Niliweka uzi kwenye zipu, nikaubana katikati ya meno yake. Niliporudi nikaukuta umelazwa juu. Mtu asiye na nia mbaya angeufagia. Huyu aliurudisha."

Mama mdogo akanigeukia. "Uliurudisha uzi?"

"Niliurudisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwepo."

Mama mdogo akafumba macho kidogo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza anaona kanuni yake ikirudi kumng'ata. Lakini hakunitetea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, kitambaa kimoja mkononi, akaniambia nianze kukunja vitu vyangu.

Nilikunja gauni la kwanza. Nilikuwa najua pasipoti ilipo na nilikuwa najua kwamba nikisema, nimekwisha: ningejuaje kama sikupekua? Nikipanda juu nijifanye natafuta kisha niipate, yatakuwa yale yale ya mashine ya kunyolea. Na nikinyamaza, basi la saa nane litaondoka, mgeni atabaki mji wa watu bila karatasi, na mimi nitakuwa njiani kwenda kwa baba wa kambo. Nilikunja gauni la pili. Nikafikiri kwamba kote nimefungwa, ila upande mmoja kuna mtu atakayefika kwao.

Nikasema huku naangalia nguo, "Iko kwenye pindo la pazia. La kushoto. Asiende mtu mwingine, aende yeye mwenyewe."

Mgeni akatoka. Kisha tukamsikia anapanda ngazi, mlango, kimya, mlango tena. Aliporudi alikuwa na pasipoti mkononi, na uso wake ulikuwa umebadilika, lakini si kwa furaha. Alisema ni yeye mwenyewe aliyeiweka. Jana jioni alitaka kwenda kuoga, bafu liko koridoni, akaona pindo limeachia akaitumbukiza humo. Alipotoka bafuni mama yake akampigia simu, wakaongea hadi akapitiwa na usingizi. Alikuwa anaihamisha kila siku, mpaka mahali pa leo pamechanganyika na pa jana.

"Lakini wewe ulijuaje?" akaniuliza.

Nikamweleza kuhusu pazia kugonga ukuta. Nilieleza vibaya, nikaruka mambo, nikarudia. Niliona haniamini, na mama mdogo pia alikuwa ananiangalia kama anayenikuta ninaongea lugha ya kigeni nyumbani kwake. Ndipo mama mdogo akasimama na kusema basi, tuone. Akamwambia mgeni apande, afiche ufunguo wa namba sita popote apendapo humo chumbani, kisha atuite. Mimi nitaangalia nikiwa mlangoni, nisikanyage ndani.

Tulisubiri kwenye ngazi, mama mdogo juu yangu ngazi mbili. Redio alikuwa ameacha geti amekuja kusimama chini, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa kimya.

Mgeni akaita. Nikasimama kizingitini. Kitanda kilikuwa kama nilivyokiona asubuhi, mto umelalia upande wake. Kitana dirishani. Kiti hakijasogea. Viatu vyake vya raba vilikuwa chini ya sinki. Asubuhi kamba za viatu vyote viwili zilikuwa zimeanguka nje, na sasa kamba za kushoto zilikuwa zimeingia ndani.

"Kiatu cha kushoto," nikasema.

Mama mdogo alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Redio kule chini akauliza vipi, vipi. Mgeni hakucheka. Alitoa ufunguo kiatuni, akakaa kitandani akiushika kwa mikono miwili.

"Hilo ndilo linaloniogopesha," akasema. "Ungekuwa mwizi, hakuna ambaye angejua."

Alikuwa amesema kweli. Nikamwambia, nadhani kwa sababu tayari nilikuwa nimeongea siku hiyo kuliko mwezi mzima, kwamba mimi nilimdhania yeye ataondoka na mashuka.

"Mimi? Mashuka?"

"Na bomba la sinki."

Aliligeukia lile bomba akaliangalia kwa muda. Kisha akaeleza, safari hii akimwambia mama mdogo zaidi kuliko mimi, kwamba hii ni safari yake ya kwanza peke yake, na mama yake alimkalisha chini wiki nzima kumfundisha. Watu wa mji huo watakuibia wanja machoni. Weka uzi. Mwaga poda uone nyayo. Hamisha karatasi kila siku. Rudi kila siku saa sita ukague. Siku mbili alikuwa anatoka, anafika nusu ya njia, anakumbuka begi, anageuza. Makumbusho aliona chumba kimoja. Soko la samaki alilisikia harufu tu. Bahari ameiona kupitia dirisha la chumba namba sita.

Mama mdogo akamwuliza, kwa sauti ya kawaida mno, kama ataandika chochote mtandaoni. Mgeni alifikiri. Akasema hataandika baya, kwa sababu kosa lilikuwa lake. Zuri pia hataandika, kwa sababu bado hajui aseme nini. Mama mdogo akasema hiyo inatosha. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa shada la funguo, akaniambia nirudishe nguo zangu sandukuni kabla hazijakunjamana, na akashuka haraka kuliko kawaida yake.

Ilikuwa saa nne kasoro. Mgeni akashuka mapokezi, akakusanya nguo zake, akafunga begi, akalivaa kifuani, akasimama mlangoni bila kutoka. Akaniuliza kama mnara wa taa uko mbali. Nikasema nusu saa kwa miguu, kule kwenye miamba, ingawa sijawahi kupanda. Akashangaa, miaka yote hii. Nikasema nani angenifagilia.

"Twende wote," akasema. Kisha, labda aliona uso wangu umelainika, akaongeza, "Si kwamba nakuamini. Ukiwa na mimi nitajua uko wapi."

"Sawa," nikasema. "Na mimi nitajua mashuka yako wapi."

Mama mdogo alisema niwe nimerudi saa saba, namba mbili na namba tano hazijafanywa. Redio alitufungulia geti akitaka kujua nani kamkamata nani. Tulitembea ukingoni mwa bahari, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa barabara, na pengo la kutosha mtu wa tatu katikati. Mara mbili aligusa mfuko wa mbele wa begi, na mara zote mbili alijua nimemwona.

Ngazi za mnara ni nyembamba, za kuzunguka, hazipitishi watu wawili. Tulisimama chini, kila mmoja anamkaribisha mwenzake kwa adabu nyingi. Mimi sikutaka awe nyuma yangu, na yeye hakutaka mimi niwe nyuma yake. Mlinzi wa mnara akachoka, akasema anayeogopa atangulie ili akianguka adakwe. Nikatangulia. Nilihesabu ngazi mpaka tisini nikapoteza hesabu, na muda wote nilisikia pumzi zake karibu na visigino vyangu.

Juu kulikuwa na upepo mkali na bahari kila upande, nyingi kuliko ninavyoijua kutoka chini. Nilishika chuma nikasahau kidogo kwamba nina vyumba viwili vya kufanya. Nilipogeuka alikuwa ananiangalia, halafu akaiangalia simu yake, halafu mimi tena. Alitaka picha. Kwao watamwuliza picha. Mlinzi wa mnara alikuwa amebaki chini, na huko juu tulikuwa wawili tu.

Alinipa simu. Ilikuwa na kamba ya kuvaa mkononi, na ile kamba hakuivua kwenye kiganja chake. Nikarudi nyuma mpaka kamba ikanyooka, nikapiga. Nikapiga nyingine, na nyingine. Alizitazama zote, akazipitisha kwa kidole mbele na nyuma. Kwenye kila picha yumo yeye na bahari nyuma yake, nywele zimepeperuka, meno yote nje, na mkono mmoja umenyooka moja kwa moja kuja kwangu, kama mtu anayetaka kushikwa mkono.

"Zimetoka vizuri," akasema, na akaiweka simu mfukoni, mfuko wa ndani, akafunga zipu.